Waini ya moto yenye viungo: imekuwa chungu, imekosa nguvu au inakugonga kichwa? Tafuta dalili yako hapa

Kila ikifika mwisho wa Novemba masoko ya Krismasi yanafunguliwa Ujerumani, baridi imeshaanza kuuma masikio, na ndugu zetu waliofika huku karibuni wanaonja Glühwein, yaani hiyo waini ya moto yenye viungo, kwa mara ya kwanza, wamesimama nje na kikombe mkononi mvuke unawapiga usoni. Wanaipenda. Alafu wikiendi inayofuata wananunua chupa ya waini nyekundu, wanatoa karafuu zilizotoka nyumbani, wanabandika sufuria, na hapo ndo maswali yanaanza, mbona chungu, mbona haileweshi, mbona inafanya ulimi kuwa kama umelamba ndizi mbichi, mbona kichwa.

Maswali yanajirudia kila mwaka kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili, unaangalia ya kwako unashuka nayo. Kwenye kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana alafu ndo zile za nadra, na nimeanza na vitu vya kuangalia bila gharama. Ila nikwambie mapema ninachoamini mimi: matatizo mengi ya hiki kinywaji yanatoka kwenye moto. Sisi tumelelewa na chai ya viungo, chai unaichemsha mpaka inapanda inataka kumwagika, unashusha moto, unapandisha tena, na kadiri inavyochemka ndo inakolea. Waini haitaki hivyo kabisa. Ukilishika hilo moja tu nusu ya huu ukurasa hutauhitaji.

KWANZA, IKIWA SAWA INAKUWAJE?

Huwezi kujua imeharibika kama hujui nzuri iko vipi. Nzuri ina harufu ya mdalasini na chungwa inayokufikia kabla hujaleta kikombe mdomoni, rangi bado ni nyekundu ya zabibu sio kahawia, utamu upo lakini uchachu kidogo unausikia kwa nyuma, na ukimeza unasikia joto linashuka kifuani. Ya kununua Ulaya ina sheria yake, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inasema Glühwein itengenezwe kwa waini tu, ikolezwe hasa kwa mdalasini au karafuu, kilevi kisipungue asilimia 7 na kisifike 14.5, na kuiongezea maji ni marufuku. Hiyo ya maji ikumbuke, tutairudia.

Kipimo cha kuanzia nyumbani: chupa moja ya mililita 750 ya waini nyekundu isiyo na sukari (kwenye lebo utaona trocken), chungwa moja, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu nne au tano, kile kiungo cha umbo la nyota kimoja, sukari vijiko vikubwa viwili au vitatu, na ukipenda iliki mbili umeziponda kidogo tu ganda lifunguke. Pasha kwa moto mdogo mpaka nyuzi 70 hivi, usivuke 75. Zima, funika, iache nusu saa mpaka saa moja, chuja, pasha tena taratibu, kunywa. Kilevi kikiwa peke yake kinachemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo ukikaribia hapo unaanza kukipoteza kwa kasi na harufu nzuri inaondoka nayo. Kama huna kipimajoto, angalia pembeni ya sufuria: mvuke unapanda, uso wa waini unatetemeka kidogo, lakini hamna mapovu. Ukiona ka-povu keupe kanaanza kujikusanya pembeni, toa jikoni sekunde hiyo hiyo, usisubiri.

DALILI: NI CHUNGU

Hii ndo malalamiko namba moja na ina sababu kadhaa ambazo mara nyingi zinakuja pamoja.

Sababu ya kwanza, na ndo ya watu wengi, ilichemka. Uliiacha ukaenda kujibu simu ukarudi inatokota. Angalia rangi, kama imeanza kuelekea kahawia na harufu ni ya jamu iliyokaa motoni kupita muda, ni hii. Hapa nikwambie ukweli, waini iliyochemka hairudi kuwa mpya. Unachoweza kufanya ni kuipunguzia makali: chukua chupa nyingine, ipashe peke yake kwa moto mdogo bila viungo, changanya nusu kwa nusu, onja, ongeza sukari kijiko kimoja kimoja. Ka-chembe ka chumvi nako kanasaidia, kachembe kweli, zile punje unazoshika kwa ncha za vidole viwili, chumvi inafunika uchungu kabla hata hujaisikia yenyewe.

Sababu ya pili ni chungwa. Sio chungwa lenyewe, ni ile nyama nyeupe kati ya ganda na maji, ile ikikaa kwenye kimiminika cha moto inatoa uchungu mpaka basi. Toa kipande kimoja kwenye sufuria utafune sehemu nyeupe, kama uchungu ni ule ule umeshampata mwizi wako. Toa vipande vyote hapo hapo. Na kuanzia sasa usikate vipande vinene, chukua kile kifaa cha kumenyea viazi, menya ganda la juu tu jembamba lile la rangi, tupia humo, alafu kamua maji ya chungwa uyaweke mwishoni. Kwa wale wanaopenda kuona vipande vinaelea maana ni kweli vinapendeza, weka kimoja kimoja kwenye kikombe wakati wa kumimina. Jambo lingine kuhusu machungwa ya supamaketi ya huku, mengi yamepakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu kwenye ganda na kuosha hakutoi dawa yote, kwa hiyo kama ganda linaingia kwenye sufuria nunua yaliyoandikwa Bio au unbehandelt, bei inazidi kidogo lakini ganda ndo kiungo chenyewe hapa.

Sababu ya tatu, viungo vimekaa humo siku nzima. Watu wanapika mchana kwa ajili ya wageni wa jioni na wanaacha kila kitu kwenye sufuria kwa kuamini kitakolea. Kitakolea kweli, ila kinachokolea baada ya saa moja ni uchungu. Chuja mapema.

Ya nadra ni sukari kuungua chini, unamimina sukari kwenye sufuria ambayo imeshapata moto, hukoroga, inaganda chini inakuwa nyeusi. Ukipitisha kijiko chini unasikia inakwaruza. Hiyo imwage, hamna dawa.

Sasa kwa wale ambao mkono unawawasha kuchemsha, na nawaelewa kabisa, kuna njia inayowafaa na mi naona ndo njia bora kuliko zote. Chemsha viungo BILA waini. Weka sukari, viungo, ganda jembamba la chungwa na maji ya chungwa lile lile, kama ni makavu sana ongeza waini kidogo tu ya kufunika viungo, acha itokote dakika tano mpaka kumi iwe shira nyepesi, hapo chemsha utakavyo, nyumba nzima itanukia. Zima, subiri ipoe kidogo, ndo umimine chupa nzima ya waini na kurudisha kwenye moto mdogo kabisa mpaka nyuzi 70. Viungo vimekolea, waini haijaguswa na mchemko. Tatizo la uchungu kwa njia hii linaisha karibu lote.

DALILI: INALETA UKAKASI, ULIMI UNAKAUKA

Watu wanachanganya huu na uchungu lakini ni kitu kingine, ukakasi unausikia kwenye ufizi na mashavu sio kooni. Karibu kila mara tatizo ni aina ya waini. Zile nzito zilizokaa kwenye mapipa ya mwaloni zina ukakasi mwingi tangu mwanzo na ukizipasha unajitokeza zaidi, na hizo ndo za bei kubwa, mtu anawaza nikinunua ya gharama itatoka nzuri zaidi kumbe anajiharibia hela na kinywaji. Tafuta waini nyekundu nyepesi yenye ladha ya matunda, huku Dornfelder na Spätburgunder zinapatikana kila supamaketi, Merlot ya kawaida nayo poa, ya kwako wewe kunywa baridi bila kukunja uso. Sio ile ya bei ya chini kabisa ambayo hata baridi hainyweki, viungo havifichi waini mbaya.

Kama umeshapika na ukakasi upo, ongeza sukari kidogo au asali, na maji ya chungwa. Utapungua hautaisha.

Walio nyumbani wanaotaka kujaribu kwenye baridi ya Juni na Julai kule Makete au Njombe, waini nyekundu ya Dodoma inafaa, ila soma lebo kwanza, kama ni ile tamu basi sukari usiweke kabisa.

DALILI: KARAFUU IMEMEZA KILA KITU, MDOMO UNAPATA GANZI

Hii ni yetu sisi. Mapishi ya Kijerumani yanaandika karafuu nne tano wakifikiria zile za kopo la supamaketi zilizokaa rafuni hata haijulikani tangu lini, wewe unatia za Pemba ambazo mama amekufungia kwenye mfuko na ukizifungua sanduku zima la nguo linanukia. Sio nguvu moja. Ganzi inatokana na yujenoli (eugenol), mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, ndo maana nyumbani tunaziweka kwenye jino bovu.

Angalia kwanza ubora wa karafuu zako: bonyeza kichwa chake kwa ukucha, kama inatoa unyevu wa mafuta weka tatu kwa chupa, zinatosha. Kama ni kavu inasagika tu, tano au sita sawa. Umeshazidisha? Chuja zote haraka, hesabu ulizoweka na ulizotoa maana moja ikibaki inaendelea kufanya kazi, alafu ongeza waini ya kawaida iliyopashwa pamoja na kijiti kipya cha mdalasini. Wanaopenda huwa wanazichomeka karafuu kwenye kipande cha chungwa ili iwe rahisi kuzitoa zote kwa mkupuo mmoja, ujanja mzuri huo.

Mafuta ya karafuu ya chupa ndogo, yale ya dukani ya jino au ya kusugulia mwili, usitie humo. Hata tone. Yamekolea mno na kwa mtoto kiasi kidogo tu ni sumu. Kama mtoto ameyanywa usimtapishe, piga simu ya dharura.

DALILI: IMEVURUGIKA, INA MCHANGA CHINI, AU INATELEZA KAMA UJI

Umetumia viungo vya unga. Mdalasini wa unga ukipata kimiminika cha moto unavimba unakuwa na utelezi na hauyeyuki ng'o. Acha sufuria itulie dakika kumi bila kuigusa, mimina taratibu ya juu ukiacha mashapo, alafu pitisha kwenye kitambaa safi cheupe au karatasi ya kuchujia kahawa. Itachukua muda, vumilia. Safari nyingine tumia vijiti, na kama una nafasi ya kuchagua, chukua mdalasini wenye tabaka nyingi nyembamba zimejikunja pamoja kama sigara, ule mnene wa gamba moja gumu ndo kasia, ladha yake kali zaidi na una kumarini, kitu ambacho kikizidi mwilini ini halikipendi. Kwa kikombe cha mara moja moja sio ishu, kwa anayepika kila wiki msimu mzima ni bora ule mwembamba.

DALILI: TAMU KUPITA KIASI

Umenunua chupa iliyoandikwa Glühwein tayari alafu ukaongeza sukari. Hiyo ya dukani imeshawekewa sukari na viungo, kazi yako ni kuipasha tu, basi. Rekebisha kwa kuongeza waini isiyo na sukari, au maji ya nusu limao. Usiongeze maji ya bomba, yanaifanya iwe nyepesi na utamu unabaki pale pale.

DALILI: HAINA NGUVU, NI KAMA JUISI YA MOTO

Angalia kwa mpangilio huu: ilichemka? ulifunika? uliongeza maji au juisi zaidi ya kikombe? Sufuria wazi kwenye moto mkubwa inapoteza kilevi huku unaiangalia, mfuniko unasaidia. Na kuongeza maji ndo kile kitu wenyewe wamekikataza kisheria, kwa hiyo kama uliongeza ili itoshe wageni, hiyo ndo sababu.

Masokoni utasikia watu wanaagiza mit Schuss, maana yake wanamiminiwa tone la ramu au amareto (pombe tamu yenye ladha ya lozi) juu. Nyumbani unaweza, ila sheria zake ni mbili, inaingia kwenye KIKOMBE sio kwenye sufuria, na sufuria iwe imeshatolewa motoni. Ukimimina ramu kwenye sufuria iliyo juu ya jiko la gesi mvuke wake unaweza kushika moto.

Hapa kuna imani moja lazima niiseme. Wapo wanaosema ukiichemsha sana kilevi chote kinaisha kwa hiyo hata mtoto, mjamzito au asiyekunywa kwa dini yake anaweza kupata kidogo. Sio kweli. Kinapungua, hakiishi, hata ukichemsha muda mrefu kingine kinabaki. Asiyetakiwa kunywa apikiwe yake tangu mwanzo: juisi ya zabibu nyekundu na ya tufaha nusu kwa nusu, viungo vile vile, tangawizi kipande, na hiyo unaweza kuichemsha mpaka uchoke. Masokoni inaitwa Kinderpunsch na inauzwa kila kibanda. Shida ni kwamba vikombe vinafanana, na nyumbani ndo usiseme, kwa hiyo weka sufuria mbili zenye rangi tofauti na mtu mzima mmoja ndo amimine.

DALILI: LADHA YA CHUMA, AU RANGI IMEGEUKA YA AJABU

Sufuria. Zile sufuria zetu nyepesi za alumini nzuri kwa wali hazifai hapa, waini ina uchachu na uchachu unakula alumini. Chuma kisichopakwa kitu nacho hivyo hivyo. Tumia stenlesi au enameli ambayo haijabanduka. Geuza sufuria uangalie ndani, kama pale waini ilipofika pamebaki alama imepauka au imeng'aa tofauti na juu, jibu umelipata.

Hapa ACHA, usijaribu kuokoa kwa sukari. Kama ilikuwa alumini na imekaa muda mfupi, mwaga tu na uoshe. Kama ilikuwa shaba tupu, ndoo ya bati, au chungu cha mapambo chenye rangi ya kung'aa ndani ambacho hujui kilitengenezwa na nini, mwaga, na kama umeshakunywa ukaanza kutapika au tumbo kukata, nenda hospitali na uwaambie ulipikia nini, ikiwezekana uende na chombo chenyewe.

DALILI: KALI KAMA SIKI, AU INANUKA GODORO LILILOLOWA

Onja waini baridi ya chupani kama imebaki. Kama nayo ni siki basi chupa ilikuwa wazi siku nyingi na moto haukuhusika. Kama inanuka uvundo wa kadibodi mbichi au godoro lililolowa, kizibo kiliharibu waini, haitakudhuru lakini haipikiki. Viungo haviondoi hayo mawili. Ya siki peleka kwenye achari ya vitunguu.

DALILI: KICHWA KINAGONGA, MOYO UNAENDA MBIO, AU KUNA KITU HAKIKO SAWA MWILINI

Hapa twende taratibu maana ndo penyewe.

Sababu ya kawaida kabisa ni wingi na kasi. Ni tamu, ni ya moto, inashuka bila kusumbua, na nje unainywa haraka kabla haijapoa. Kikombe cha soko mara nyingi ni mililita 200, na ikiwa ni asilimia 11 ndani yake kuna gramu kama 17 za kilevi, vikombe vitatu kwa tumbo tupu ni zaidi ya nusu chupa ya waini umeimaliza umesimama. Kunywa maji glasi moja kati ya kikombe na kikombe, kula kwanza, sio baadaye.

Ya pili ni waini nyekundu yenyewe. Wapo ambao hata baridi inawaletea kichwa, pua kuziba na uso kuwaka. Jaribu ya nyeupe, nayo inapikwa hivi hivi, ikikufanya hivyo tena basi achana nayo, mwili umeshajibu.

Ya tatu ni dawa. Kama uko kwenye metronidazole (ile antibiotiki, Flagyl) usinywe kabisa. Dawa za usingizi, za kifafa, za kisukari, za kuyeyusha damu, muulize mfamasia kabla, huku maduka ya dawa wanakujibu bila malipo. Na kumeza paracetamol nyingi ukiwa umelewa ili kichwa kitulie unaliongezea ini mzigo.

Ya nne ni nadra lakini ndo inayoua. Mtu anapasha waini ndani au kwenye roshani iliyofungwa kwa jiko la mkaa, baridi kali, madirisha yamefungwa, wanakunywa, wote wanaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi, wanadhani wamelewa. Hiyo inaweza kuwa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Kama watu wawili au zaidi kwenye chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na hata yule ambaye hajanywa, usichunguze chochote, toka nje wote, ukiwa nje piga 112, namba ya dharura. Mkaa haukokwi ndani ya nyumba. Hata ukishazimika unaendelea kutoa ile hewa.

Alafu kuna baridi yenyewe. Kilevi kinapanua mishipa ya kwenye ngozi, damu ya moto inakuja juu, unajisikia joto tamu, kumbe joto linatoka mwilini linakwenda hewani. Kwa hiyo ukijisikia umepata joto usifungue koti. Na rafiki aliyelewa haachwi peke yake kwenye benchi au kituo cha treni "apunge upepo kidogo", kwenye nyuzi sifuri anaweza asiamke. Piga 112 ukiona haamki ukimtikisa, anapumua taratibu mno au kwa kukatika, ngozi ya baridi imepauka, au alikuwa anatetemeka ameacha kutetemeka huku anaongea visivyoeleweka. Mlaze ubavu, mfunike, usimpe kahawa. Mtoto mdogo akinywa hata kiasi kidogo piga simu hapo hapo usisubiri dalili, sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla.

Kwa wenye magari: Ujerumani kiwango ni 0.5 promili (gramu za kilevi kwa kila elfu ya damu), lakini kama uko kwenye miaka miwili ya mwanzo ya leseni ya majaribio au hujafika miaka 21 ni sifuri kabisa, na kuanzia 0.3 ukisababisha ajali au ukionekana unayumba ni kosa la jinai. Panda treni.

DALILI: IMESHIKA MOTO

Hii inatokea zaidi kwa wanaojaribu Feuerzangenbowle, ile ya kuweka donge kubwa la sukari juu ya bakuli la waini ya moto, unalimwagia ramu ya asilimia 54 au zaidi, unaliwasha na sukari inadondokea humo inawaka bluu. Inavutia sana kuangalia na kila msimu watu wanaungua kwa sababu moja, wanaongeza ramu moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Moto unapanda kwenye mkondo wa ramu unaingia chupani na chupa inakuwa kama bomba la moto linaloelekea kwa aliyekaa mbele. Ongeza kwa upawa mdogo, chupa imefungwa iko mbali, watoto mbali, nywele na pindo za kanga zimefungwa, na usifanye chini ya feni ya jiko yenye mafuta.

Sufuria ikiwaka: zima jiko, funika na mfuniko, usifunue kuchungulia. Moto ukishika pazia au kabati, toka, funga mlango, 112. Aliyeungua mwagilia maji ya bomba ya ubaridi wa kawaida kwa dakika kumi au zaidi, usipake dawa ya meno wala asali wala mafuta, na kama ni usoni, viganjani, au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake, au ni mtoto, hiyo ni ya daktari leo leo.

DALILI: INAPOA HARAKA, AU GLASI IMEPASUKA

Suuza vikombe kwa maji ya moto kabla ya kumimina. Tumia vikombe vizito vya udongo, ndo maana masokoni hawatumii glasi nyembamba. Glasi ikipasuka ndani ya waini usichuje ukaendelea, vipande vingine huvioni.

DALILI: SOKONI WAMENITOZA ZAIDI YA BEI YA KIBAONI

Hujaibiwa. Hiyo nyongeza ni Pfand, amana ya kikombe, euro kadhaa, ukirudisha kikombe unarudishiwa. Ukitaka kuondoka nacho kama kumbukumbu, maana vingi vinaandikwa jina la mji na mwaka, unaacha tu amana yako. Kama umepewa na kitoken shika usikipoteze, sehemu nyingine bila hicho hawarudishi.

DALILI: YA JANA IMEBADILIKA LADHA

Uliiacha kwenye sufuria na viungo vyake. Chuja kabla ya kulala, subiri ipoe, weka kwenye chupa ya glasi yenye kizibo, jaza mpaka juu hewa isibaki nyingi, iingie friji, tumia ndani ya siku mbili tatu. Pasha tu kile mnachokunywa, maana kila ukipasha na kupoza inapoteza harufu na inasogea kwenye ule uchungu wa mwanzo. Imebaki kidogo isiyotosha hata kikombe? Pikia mapea au matufaha humo kwa moto mdogo, hapo sasa unaruhusiwa kuichemsha.